Anjiogramu safi, kifua bado kinabana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tiba ya mishipa midogo ya moyo

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya moyo. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kusubiria, kwenye simu za jioni, na kwenye zile sauti za WhatsApp zinazoanza na "samahani dada, nina swali dogo tu" halafu zinadumu dakika sita. Majibu yatakusaidia kuelewa na kujua cha kuuliza. Dozi yako ataipanga daktari aliyekupima.

Ugonjwa wa mishipa midogo ya moyo ni nini hasa?

Moyo unasukuma damu kwa mwili mzima, lakini nao unahitaji kulishwa. Mishipa mikubwa inayoulisha inatambaa juu yake, upana wake milimita 2 hadi 4 hivi. Kutoka hapo inagawanyika tena na tena mpaka inakuwa vishipa vyembamba kuliko nusu milimita vinavyozama ndani ya nyama ya moyo. Hivi vidogo ndivyo vinavyopima damu: ukipanda ngazi vinatanuka ili nyingi ipite, ukikaa vinajirudi.

Vikiugua, hutokea moja kati ya mambo mawili, au yote kwa pamoja. La kwanza, vinashindwa kutanuka, kwa sababu kuta zake zimekuwa nene na ngumu, au utando wake wa ndani hautoi tena oksidi ya nitriki ya kutosha, ile hewa inayolegeza mshipa. La pili, vinajikaza vyenyewe ghafla, hata mtu akiwa amelala.

Chukua nyumba iliyo mlimani. Bomba kubwa la barabarani limejaa maji, fundi amelikagua hajaona tatizo, lakini koki ya jikoni inatoa matone. Asubuhi, ukitaka maji ya chai tu, unavumilia. Siku ya kufua ndipo unapojua kuna shida. Na moyo ni hivyo hivyo: ukiwa umekaa damu inatosha, ukipandisha kilima haitoshi.

Kwa nini basi nimefanyiwa anjiogramu nikaambiwa mishipa ni safi?

Kwa sababu anjiogramu, ile picha ya eksirei ya mishipa ya moyo, inaonyesha bomba la barabarani. Ile dawa ya rangi inayomwagwa kwenye mishipa inachora mikubwa vizuri sana, lakini vishipa vya ndani ni vyembamba mno, havionekani kwenye picha. Kwa hiyo "safi" maana yake ni kwamba mishipa mikubwa haijaziba. Ni habari njema kweli, nawe ifurahie. Ila haijajibu swali la kwa nini kifua kinabana.

Na hauko peke yako. Huko Ulaya na Marekani, ambako anjiogramu zinafanyika kwa wingi, karibu nusu ya wanaopelekwa kwa ajili ya maumivu ya kifua hukutwa mishipa mikubwa haijaziba. Si wote wana ugonjwa wa vishipa, lakini sehemu kubwa wanao, yaani vishipa vinavyoshindwa kutanuka, vinavyojikaza, au vyote viwili. Mwaka 1973 madaktari waliipa hali hii jina la "sindromu X", na mimi ile X naisoma hivi: hatujui. Kazi kubwa ya kuitoa hapo ilianza Marekani mwaka 1996 kwa utafiti uitwao WISE, uliowafuatilia wanawake wenye maumivu ya kifua. Wengi wao mishipa mikubwa haikuwa imeziba. Walivyofuatiliwa miaka kadhaa, wale ambao maumivu hayakuisha walipata matatizo ya moyo zaidi ya wenzao.

Niliambiwa ni vidonda vya tumbo. Halafu nikaambiwa ni mawazo. Nimwamini nani?

Naomba hapa nikae kidogo, maana swali hili ndilo linaloliza watu.

Mama mmoja, muuza vitumbua, alikuja na mfuko wa plastiki umejaa maboksi ya dawa za tumbo. Miaka mitatu. Kila akibeba ndoo ya unga kutoka barabarani mpaka kibandani, kifua kinambana kama amefungwa kanga kwa nguvu, anakaa kwenye kigoda dakika kumi na tano, inaachia. Nilimuuliza, "Mama, maumivu haya yanakuja ukila au ukibeba?" Akanitazama kama nimeuliza jambo geni. "Nikibeba, mwanangu. Nikila sisikii kitu." Hilo swali moja hakuwahi kuulizwa huko alikopita.

Vidonda vya tumbo vipo, asidi ipo, na wasiwasi kweli unaweza kubana kifua. Lakini maumivu yanayokuja na kazi, ngazi, baridi au hasira na kuachia ukipumzika, ni ya moyo mpaka pale itakapothibitishwa vinginevyo. Ya vishipa yana tabia zake: hudumu muda mrefu kidogo, mara nyingi kupita dakika kumi, wakati mwingine huja baada ya kazi badala ya katikati yake, na kidonge cha chini ya ulimi huchelewa kuyaondoa. Wengine hawana maumivu kabisa, wanaishiwa pumzi na kuchoka kupita kiasi. Kina mama, hasa waliokoma hedhi, ndio wanaopatwa zaidi, lakini wanaume wapo.

Kipimo cha kuthibitisha ni kipi?

Vipo vya aina mbili. Kuna vya picha, kama MRI ya moyo au PET, ambapo unapewa dawa ya kuutanua mfumo wa mishipa kisha wanaangalia damu inaongezeka kiasi gani. Na kuna kinachofanyika ndani ya chumba cha katheta (ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni), siku ile ile ya anjiogramu: daktari anapitisha waya mwembamba sana wenye kihisio mpaka ndani ya mshipa, anaweka dawa ya adenosini na kusoma namba mbili. Ya kwanza inaeleza damu inaweza kuongezeka mara ngapi. Mtu mwenye vishipa vizuri huongeza mara tatu, nne au zaidi. Ikiwa chini ya 2 hadi 2.5 kuna tatizo. Ya pili ni ukinzani wa vishipa. Ikiwa 25 au zaidi, vimebana. Baada ya hapo anaweza kumwaga dawa nyingine, asetilikolini, kidogo kidogo kuona kama mishipa inajikaza. Mgonjwa mara nyingi hushtuka: "Ndiyo haya! Ndiyo maumivu yangu haya!" Kuna waliotoka machozi kitandani pale, si kwa uchungu, kwa sababu hatimaye kuna mtu ameyaona.

Mwongozo wa Jumuiya ya Moyo ya Ulaya wa 2024 unapendekeza upimaji huu kwa mtu ambaye dalili zinaharibu maisha yake ingawa anatumia dawa. Kwetu anjiogramu zinafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Uganda kule Mulago, na hospitali kubwa za Nairobi. Kama unapangiwa anjiogramu, uliza kabla ya kulala kitandani: "Mkikuta mishipa mikubwa ni safi, mtapima midogo?" Kuuliza baada ya hapo ni kurudi mara ya pili.

Kama kipimo hicho sikipati, tiba haianzi?

Inaanza. Daktari akiwa na historia yako, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), vipimo vya damu, na uhakika kwamba mishipa mikubwa haijaziba, anaweza kukupa dawa kwa majaribio na kufuatilia. Hasara yake ni kwamba anapapasa gizani kidogo, kwani dawa ya vishipa visivyotanuka si lazima iwe dawa ya vishipa vinavyojikaza.

Tofauti hiyo ilionekana Scotland mwaka 2018 kwenye utafiti wa CorMicA. Wagonjwa 151 waliokuwa na maumivu bila kuziba mishipa mikubwa walipimwa wote vishipa, kisha nusu yao daktari akapewa majibu na kutibu kwa kuyafuata, nusu nyingine akafichwa na kutibu kwa mazoea. Baada ya miezi sita, waliotibiwa kwa majibu walikuwa na maumivu machache na maisha bora zaidi, na baada ya mwaka bado. Dawa hazikuwa za ajabu, ni hizi hizi. Ila kila mtu alipewa iliyo yake. Kwenye vifo na mishtuko ya moyo hakukuonekana tofauti kwa muda huo, nami sitakudanganya.

Dawa zenyewe ni zipi?

Nitazipanga kwa kazi zake, maana ukijua kazi ya kidonge hutakiacha kirahisi.

Vishipa vikishindwa kutanuka, mara nyingi huanziwa vizuia-beta: bisoprololi, nebivololi, karvediloli. Vinapunguza kasi ya moyo ili ufanye kazi kidogo na upate muda mrefu wa kujilisha, kwani moyo hulishwa hasa pale unapolegea katikati ya mapigo. Mwenye pumu aseme mapema. Mapigo ya moyo yakishuka mno, au ukianza kuona kizunguzungu, rudi kliniki. Na usikiache ghafla kwa sababu "nimepona": moyo hurudi mbio na maumivu yanaweza kuja kwa kishindo.

Mishipa ikiwa inajikaza, mikubwa au midogo, wanaoongoza ni vizuia kalsiamu: amlodipini, diltiazemu, verapamili. Hapa vizuia-beta, hasa propranololi, vinaweza kuongeza mkazo badala ya kuupunguza. Ndiyo sababu jirani yako anayetumia propranololi na kujisikia vizuri hawezi kukuazima vidonge vyake. Tena diltiazemu au verapamili kwa kawaida havichanganywi na kizuia-beta, maana umeme wa moyo unaweza kupungua kasi kupita kiasi.

Kuna kundi la kulinda na kukarabati ule utando wa ndani. Perindoprili au ramiprili, au ndugu zake kama losartani, zinashusha presha na kuusaidia utando. Atorvastatini na statini nyingine zinashusha lehemu na pia zinatuliza uvimbe mdogo mdogo ndani ya mshipa, kwa hiyo usishangae kuandikiwa hata kama lehemu yako haitishi. Aspirini ndogo ya miligramu 75 hupewa mtu ambaye mishipa yake mikubwa imeonyesha utando wa mafuta hata kama haujaziba njia. Si ya kila mtu, maana inaweza kutoboa tumbo.

Hizi zikishindwa, yapo mengine ya kuongeza: ranolazini, ivabradini, nikorandili, trimetazidini. Hii ya mwisho imo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, basi kama kijana wako anakimbia mashindano asiguse vidonge vyako.

Kidonge kimoja kinapewa wiki nne hadi sita, ndipo kinahukumiwa. Wengi huhitaji kujaribu dawa mbili tatu kabla ya kupata mchanganyiko unaokubali. Kubadilishiwa dawa haina maana daktari amechanganyikiwa.

Kidonge cha chini ya ulimi kinatumikaje?

Kaa chini kwanza. Kinashusha presha ghafla na mtu akisimama anaweza kuanguka. Weka chini ya ulimi, usimeze. Kichwa kikigonga kidogo, ndivyo kilivyo. Dakika tano zikipita bila nafuu, cha pili. Tano nyingine, cha tatu. Baada ya hapo ni hospitali.

Yule mama wa vitumbua alilalamika kwamba vyake "havina nguvu". Nikamwomba anionyeshe. Akafungua pindo la kanga: noti mbili za elfu mbili, sarafu, na vidonge vitatu vimeanza kumeguka, vimelala kifuani siku nzima mbele ya jiko la mkaa. Vidonge vya nitrogliserini haviwezi joto, mwanga wala unyevu. Vikae ndani ya chupa yake ya kioo, kifuniko kimebana, mbali na mwili. Tulimpa chupa mpya, akaanza kuitundika kwenye kikapu kidogo upande wa kivuli.

Kwa baadhi ya wagonjwa wa vishipa kidonge hiki kinasaidia kidogo tu, na nitrati (jamii ya kidonge hiki) za muda mrefu zinaweza zisisaidie kabisa. Ukiona hivyo sema, usiongeze mwenyewe. (Ndiyo, ni nitrogliserini ile ile ya baruti. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti, uzeeni aliandikiwa hiyo hiyo kwa ajili ya moyo wake, na mwenyewe aliona ni kichekesho cha majaliwa.)

Mume wangu ana tatizo hili na anatumia dawa za nguvu za kiume. Kuna shida?

Kubwa. Sildenafili au tadalafili ikikutana na nitrati, presha inaweza kuporomoka mpaka mtu akapoteza fahamu au maisha. Baada ya sildenafili, nitrati isitumike kwa saa 24. Baada ya tadalafili, saa 48. Nikorandili nayo imo kwenye katazo hilo. Na zile unga na asali za mitaani zinazouzwa kama "asili tupu" baadhi hukutwa zimechanganywa sildenafili bila kuandikwa. Tafadhali wanaume, mkifika mapokezi na kifua kinabana, semeni mlichomeza. Hatucheki, na hatumwambii shemeji.

Si mniwekee stenti tu yaishe?

Stenti ni kijibomba cha waya cha kutanua mshipa mkubwa. Vishipa vya chini ya nusu milimita, tena maelfu kwa maelfu, haviwekwi stenti. Upasuaji wa kuunganisha mishipa nao hausaidii kwa sababu hiyo hiyo. Akitokea mtu anataka kukuwekea stenti kwenye mshipa ambao haujaziba, omba maoni ya daktari wa pili.

Nimeandikiwa imipramini. Nimesoma karatasi, ni dawa ya sonona. Kwani mimi ni kichaa?

Hapana. Kwa dozi ndogo, imipramini na amitriptilini hupunguza ukali wa neva zinazobeba maumivu kutoka kwenye moyo. Wagonjwa wengine wa vishipa wana moyo "unaosikia" kupita kiasi: hata mguso wa waya ndani ya moyo, ambao wengi hawausikii, kwao unauma. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 ulionyesha imipramini inapunguza maumivu kwa watu wenye anjiogramu safi. Mdomo utakauka kidogo na usingizi utaongezeka, kwa hiyo humezwa usiku. Kabla ya kuanza, ECG ichunguzwe.

Hata hivyo, mtu aliyeishi miaka mitatu na maumivu yasiyoaminiwa ana haki ya kuwa na huzuni. Kuongea na mshauri ni sehemu ya tiba, na huhitaji kuwa kichaa ili uende.

Tangu nianze dawa nakohoa. Mwenzangu amevimba miguu.

Kikohozi kikavu, cha kukereketa kooni, ni tabia ya perindoprili, ramiprili na wenzake. Kuna waliozungushwa na vipimo vya kifua kikuu kwa sababu hakuna aliyeuliza walianza kidonge gani. Ukibadilishiwa losartani kinaisha, ingawa huchukua wiki kadhaa. Lakini midomo, ulimi au uso ukivimba, hiyo ni dharura: acha kidonge na kimbia hospitali. Watu weusi tunapatwa nayo zaidi ya wengine.

Miguu kuvimba jioni mara nyingi ni amlodipini. Si lazima figo. Maumivu makali ya misuli, ama mkojo wa rangi ya chai kwa mtu wa statini, rudi siku hiyo hiyo. Na ukiwa kwenye amlodipini, diltiazemu, ranolazini au atorvastatini, balungi liache, kwani linaongeza dawa kwenye damu.

Naweza kufunga Ramadhani?

Wengi wanaweza, kama maumivu yametulia. Njoo wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, siyo usiku wa kuamkia. Dawa nyingi zinapatikana za kumeza mara moja au mbili kwa siku, zikapangwa daku na futari. Diuretiki, zile za kukojoza, ndizo zinazosumbua mchana wa joto. Kifua kikibana, fungua. Kidonge cha chini ya ulimi hakisubiri adhana. Wale ambao maumivu bado yanakuja hata wakiwa wamekaa, mwaka huu wasifunge, walipe baadaye.

Nina mpango wa kubeba mimba.

Sema kabla. Perindoprili, ramiprili, losartani na jamii zake zinamdhuru mtoto tumboni na lazima zibadilishwe. Statini kwa kawaida nazo husimamishwa. Usiache zote peke yako kwa woga.

Homoni za waliokoma hedhi zitanisaidia?

Kwa ajili ya moyo, hapana. Kama unazihitaji kwa joto la ghafla na kukosa usingizi, hilo ni zungumzo jingine na daktari wa wanawake.

Nifanye mazoezi na kifua hiki?

Ndiyo, na ni dawa kwelikweli. Mwendo wa kawaida wa miguu huufundisha utando wa mishipa kutoa tena ile oksidi ya nitriki. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, lakini hakuna anayeanzia hapo. Anza dakika kumi tambarare, asubuhi kabla jua halijakaza, upashe mwili kwanza taratibu. Ukifika mahali pa kubanwa, punguza, usishindane nako. Wiki inayofuata ongeza dakika mbili. Wa Njombe, Arusha au Limuru, miezi ya baridi jifunge skafu mdomoni, maana hewa baridi inakaza mishipa.

Chakula je? Na zile chai za kuzibua mishipa?

Hakuna chai inayojulikana kuzibua mishipa, na ya kwako hata haijaziba! Kitunguu saumu kiweke kwenye mchuzi, mlonge kula, habasoda tumia kama ulivyokuwa ukitumia, ila mweleze daktari, na usitoe kidonge kuweka majani.

Chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa jumla, pamoja na iliyomo kwenye mchemsho wa pakiti. Mafuta ya mawese na tui zito la nazi viwe vya siku maalumu. Samaki, dagaa, maharage, mboga za majani, matunda. Hayo mnayajua, na ninajua kwamba mnajua.

Ninachokazania mimi ni vitu ambavyo watu hawavihesabu. Sigara kwanza, hata moja. Miraa: ina kichocheo kinachopandisha presha na kukaza mishipa ya moyo, kwa hiyo mtu anayetafuna gomba jioni kisha analalamika kifua usiku asitafute mchawi. Diklofenaki za dukani kwa mgongo na goti: zinapandisha presha na kuongeza hatari ya moyo. Dawa za mafua zenye kukausha pua nazo hukaza mishipa. Na moshi wa kuni na mkaa ndani ya chumba kimoja. Kama gesi haiwezekani, jiko litoke nje.

Presha na kisukari changu vinahusiana?

Sana. Presha ya muda mrefu inanenepesha ukuta wa moyo na wa vishipa. Sukari inaunguza ule utando wa ndani. Kwa wengi lengo ni presha chini ya 130/80 na sukari ya miezi mitatu chini ya asilimia 7. Anayetumia metformini na ranolazini pamoja amkumbushe daktari, dozi ina kikomo.

Ugonjwa huu unaua? Unapona?

Haupaswi kuitwa wa hatari ndogo, kama zamani ulivyoitwa. Wenye vishipa vibovu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa, kupata mshtuko wa moyo, au moyo kushindwa kulegea na kujaa damu vizuri. Lakini wengi huishi, hufanya kazi na kulea wajukuu. Kuna ambao maumivu yanaisha kabisa, kuna ambao yanapungua kutoka kila siku hadi mara moja kwa wiki mbili. Hilo la pili pia ni ushindi, msilidharau.

Nitajuaje kwamba leo siyo kama siku zote?

Maumivu yasiyoachia baada ya dakika 15 na vidonge vitatu. Jasho baridi, kutapika, kuzimia, maumivu yanayopanda tayani au kushuka mkono. Maumivu mapya ukiwa umelala. Usiseme "ni vile vishipa vyangu tu", kwani mwenye ugonjwa wa vishipa hajapewa kinga ya mshtuko wa moyo. Tafuna aspirini miligramu 300 kama huna mzio nayo wala historia ya kutokwa damu tumboni, na utafutiwe gari. Bodaboda hapana: ukizimia njiani nani atakushika?

Nikija kliniki nije na nini?

Dawa zote kwenye mfuko, pamoja na za mitaani. Na daftari. Kipindi kifupi cha kuandika kila siku kinanisaidia kuliko maelezo marefu: saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, ilidumu dakika ngapi, ulimeza nini, ikawaje. Ukiulizwa "maumivu yanakujaje?" bila daftari utajibu "mara kwa mara", na daktari ataandika "mara kwa mara", na hakuna kitakachobadilika.

Yule mama, baada ya kuanza kizuia-beta na perindoprili, alileta daftari la shule la mjukuu wake Juma, nyuma ya hesabu za kugawanya. Ukurasa wa kwanza umejaa. Wa mwezi wa pili una mistari minne tu, na mstari wa nne unasomeka: "Jumamosi. Ndoo ya unga. Nilipumzika mara moja tu njiani. Kifua kimya. Kabeba Juma iliyobaki."